Askari wa Akiba, Mgambo na Sungusungu: Maneno Yasiyoweza Kushika Nafasi Moja

Sheria iliyopitishwa mwanzoni mwa mwaka 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, imewatwika watafsiri mzigo ambao zamani ulibebwa na watu wachache tu. Sheria zilizosomwa kwa Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne sasa hazina budi kusomeka kwa Kiswahili, na kusomeka kwa namna ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo na mwenyekiti wa kijiji watazielewa sawasawa. Miongoni mwa sheria hizo zimo zile zinazohusu ulinzi wa Taifa, na ndani ya hizo kuna swali linaloonekana dogo: tumwite nani raia aliyefunzwa silaha, akala kiapo, kisha akarudi shambani kwake kungoja siku atakapohitajiwa?

Magazeti yetu yamekwisha jijibu swali hilo bila ya kulijadili. Kila mwaka wilaya zinapofunga mafunzo, husomeka kwamba Mkuu wa Wilaya amewaasa wahitimu wa "Jeshi la Akiba (Mgambo)". Mabano hayo yanadai kwamba maneno haya mawili ni kitu kimoja chenye majina mawili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba anayeumia kwa kuchanganywa kwa maneno hayo si mtafsiri aliyeko ofisini bali ni mwananchi aliyeko kijijini, ambaye haki zake na wajibu wake hutegemea ameandikwa katika jina lipi.

Utumishi wenyewe ulivyo

Kabla ya kulijadili jina yafaa tukielewe kitu chenyewe. Taifa haliwezi kuweka jeshini wakati wa amani watu wote litakaowahitaji wakati wa vita. Gharama yake ingekuwa kubwa mno, na mashamba na viwanda vingekosa watu. Kwa hiyo nchi nyingi huweka jeshi la kudumu la kiasi fulani, na nyuma yake huweka watu waliofunzwa ambao wanaishi maisha ya kiraia. Hao ndio akiba. Neno hili, ambalo asili yake ni Kiarabu, wasomaji wetu wanalijua kwa maana ya kitu kilichowekwa kwa ajili ya siku zijazo, kama nafaka ghalani au fedha benki. Halikuchaguliwa vibaya. Nafaka ya akiba si nafaka ya namna nyingine. Ni nafaka ile ile, ila wakati wake wa kuliwa haujafika.

Utumishi wa akiba, popote duniani, una nyakati tatu. Wakati wa kwanza ni wa kuandikwa. Mtu huingia katika akiba kwa njia mojawapo kati ya hizi: ama alikuwa askari wa kudumu na masharti ya kuondoka kwake yanamtaka abaki katika orodha kwa miaka kadhaa, ama amejitolea moja kwa moja kutoka uraiani, ama sheria imewalazimisha vijana wa umri fulani kufunzwa na baada ya hapo kuingia katika orodha. Wakati wa pili ni wa kungoja. Huu ndio mrefu kuliko zote, na ndio unaosahaulika. Anayengoja ni raia: analima, anafundisha, anaendesha lori, lakini jina lake limo daftarini, na mara kwa mara huitwa kunoa mafunzo yake ili yasipate kutu. Wakati wa tatu ni wa kuitwa. Mwito ukitolewa kwa mujibu wa sheria, raia yule hugeuka kuwa askari kamili. Tangu saa hiyo yuko chini ya sheria za kijeshi. Kutotii amri si utovu wa adabu tena bali ni kosa la kijeshi. Kwa upande wake, dola nayo huwa imejifunga kwake kwa malipo, kwa matibabu, kwa fidia akiumia na kwa mafao ya warithi akifa, na katika nchi nyingi sheria humzuia mwajiri wake wa kiraia asimfukuze kazi kwa sababu ya kuitikia mwito.

Msomaji ataona kwamba uzito wote wa utumishi huu umo katika mpaka uliopo kati ya kungoja na kuitwa. Tafsiri isiyouonyesha mpaka huo haijatafsiri kitu.

Jinsi Tanzania ilivyofikia hapa

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Miezi sita baadaye, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na jeshi hilo lililorithiwa kutoka kwa wakoloni likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba, 1964. Jina lenyewe lilikuwa tamko: jeshi si mali ya maofisa bali ni la wananchi. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya majeshi ya akiba, na mwaka 1966 Sheria ya Ulinzi wa Taifa ikaligawa Jeshi la Ulinzi katika sehemu ya kudumu na sehemu ya akiba. Kwa lugha ya sheria, basi, akiba ilikwisha kuwapo kabla neno "mgambo" halijapata umaarufu wake wa kisiasa.

Umaarufu huo uliletwa na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Novemba 1970 Guinea ilikuwa imevamiwa kutoka baharini, na Januari 1971 Idi Amin alikuwa amempindua Rais Obote nchini Uganda. Chama kikaona kwamba ulinzi wa Taifa hauwezi kuachiwa jeshi la kudumu peke yake, na kikaagiza wananchi wafunzwe katika jeshi la mgambo mijini na vijijini, viwandani na maofisini. Tangu hapo mgambo wakawa kitu kinachoonekana kila mahali. Makarani na wakulima walipiga kwata alasiri pamoja, mara nyingi kwa bunduki za mbao.

Sheria nazo zikafuata. Katika miaka hiyo ya 1970 ilitungwa sheria ya fidia kwa mgambo wanaokufa au kujeruhiwa kazini, na mwaka 1975 ikatungwa nyingine iliyowapa mgambo mamlaka ya kukamata wahalifu. Tunawaomba watafsiri wazizingatie sana sheria hizi mbili. Kama mgambo angekuwa tu jina jingine la askari wa akiba, isingekuwa lazima kumtungia sheria zake mwenyewe za fidia na za ukamataji. Askari wa akiba asiyeitwa hana mamlaka ya kumkamata mtu kuliko raia mwingine yeyote. Mgambo aliye kazini anayo, ingawa hakuna vita wala mwito wowote.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera na kuikalia ardhi iliyo kaskazini mwa mto. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 50,000, lilipanuka katika muda wa miezi michache likapita 100,000, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka katika mgambo, pamoja na vijana wa JKT na askari wa Polisi na wa Magereza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979. Ama kwa hakika hapo ndipo mgambo na akiba walipochanganyika kabisa katika fikra za watu, kwa sababu aliyeondoka kijijini akiitwa mgambo alirudi akiitwa askari. Lakini kuchanganyika katika tukio si sawa na kuchanganyika katika maana. Yule mtu alivuka mpaka: aliitwa, akaapishwa, akapewa namba. Ni kuvuka huko kulikombadilisha, wala si kwamba tangu mwanzo alikuwa mmoja na askari.

Neno "mgambo" lilikotoka

Vijana wengi watashangaa kusikia kwamba hapo kale mgambo hakuwa mtu. Katika Kiswahili cha zamani mgambo ni tangazo la watu wote, taarifa inayotolewa hadharani kwa amri ya mwenye mamlaka, na mbiu ni pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike kulisikia. Ndiyo maana tukasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Aliyesikia pembe alijua kwamba pana kifo, au moto, au adui, au shauri la kuamuliwa, naye aliacha alichokishika akaenda.

Waliolichukua neno hili na kuwapa raia waliofunzwa silaha walifanya kazi nzuri mno, sijui kama kwa kukusudia. Jina lilihama kutoka kwenye mwito likawaangukia walioitwa. Tunapolinganisha na Rwanda tunakuta kwamba wao nao hawakwenda mbali: jeshi lao la akiba huitwa na watu Inkeragutabara, na ndani ya jina hilo mna kitenzi chenye maana ya kwenda kumwokoa anayeshambuliwa. Zanzibar, kwa upande wake, ilipendelea kukopa. Kikosi cha Valantia kinaitwa hivyo hadi leo, na hakuna anayelalamika.

Hata hivyo neno zuri halikuachwa lipumzike. Mambo mawili yamelipata. La kwanza, halmashauri za miji zilianza kuwatumia mgambo kusimamia sheria ndogo, na hasa kuwaondoa wachuuzi barabarani, hata mkazi wa Dar es Salaam akisikia "mgambo" leo hafikirii Kagera bali anafikiria karandinga na meza ya nyanya iliyopinduliwa. La pili ni kubwa zaidi. Idhaa za nje zinazotangaza kwa Kiswahili zilihitaji neno la kuyaita makundi yenye silaha yasiyo majeshi ya serikali, kama yale ya Lebanon, ya Somalia, ya Kongo mashariki, nazo zikaamua kuyaita "wanamgambo". Hivyo neno moja sasa linabeba raia anayelinda nchi yake kwa idhini ya serikali, na vilevile mtu mwenye bunduki anayepigana na serikali yake. Mwanafunzi wa darasa la saba akiulizwa maana ya mwanamgambo atakujibu kwa ile aliyoisikia redioni. Walimu wanalijua jambo hili kuliko sisi.

Hatudhani kwamba idhaa zitarudi nyuma. Linalowezekana ni kwamba sisi wenyewe, katika maandishi ya serikali, tuseme "mgambo" bila ya kiambishi hicho tunapomtaja mlinzi halali, na tuseme "kikundi chenye silaha" tunapotaja kitu kingine.

Tangazo katika kijiji cha Lingeka

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini tuuweke mahali panapojulikana. Tuseme katika kijiji cha Lingeka, upande wa Bariadi, limebandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji lisemalo: "Askari wote wa akiba wafike wilayani Jumatatu saa mbili asubuhi bila kukosa." Wanaume wanne wamesimama mbele yake.

Wa kwanza alikuwa askari wa JWTZ, akamaliza mkataba wake, akarudi kulima pamba. Wa pili ni kijana aliyehitimu mafunzo ya mgambo mwaka jana chini ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya: miezi kadhaa ya kwata, silaha, ujanja wa porini, usomaji wa ramani na huduma ya kwanza, pamoja na masomo kutoka kwa maofisa wa Polisi, Uhamiaji, Zimamoto na TAKUKURU. Wa tatu alijitolea JKT, hakupata ajira katika vyombo vya ulinzi, akarudi nyumbani. Wa nne ni mzee mwenye cheo katika sungusungu ya kijiji. Nani kati yao ameitwa?

Kwa lugha ya magazeti, yenye mabano, wa pili ameitwa kwa hakika, na wa kwanza hajui. Kwa lugha ya sheria mambo yaweza kuwa kinyume: wa kwanza ameitwa, kama masharti ya kuondoka kwake yalimweka katika akiba, na kutofika kwake kutakuwa kosa. Wa pili ameitwa ikiwa tu mwandishi wa tangazo alikusudia kumjumlisha mgambo katika akiba. Wa tatu anategemea masharti ya utumishi wake katika JKT. Wa nne hajaitwa hata kidogo, ingawa pengine ndiye atakayekuwa wa kwanza kuchukua upinde wake na kuondoka, kwa kuwa amezoea kuitikia.

Tuendelee na mfano huo. Kijana wa pili, akiwa lindoni usiku kwa amri ya kijiji, anavunjwa mkono na wezi wa ng'ombe. Karani anayemwandikia barua ya madai anaandika "askari wa akiba", kwa kudhani anampandisha hadhi. Barua inafika mahali ambapo itaulizwa: aliitwa lini, kwa hati gani, katika kikosi gani? Hakuna majibu, kwa sababu hakuitwa. Alikuwa mgambo kazini, na sheria yake ya fidia ni ile nyingine. Barua itarudi, au haitarudi. Kosa la neno moja limemtoa kwenye mlango uliokuwa wake na kumsimamisha mbele ya mlango usio wake.

Sungusungu na mwano

Yule mzee wa nne anastahili maelezo zaidi, kwani ndiye anayewatatiza watafsiri kuliko wote. Sungusungu ni wale siafu weusi waumao, wapitao kwa safu. Vikundi vilivyochukua jina hilo vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama, vikaenea upesi Unyamwezini na Usukumani. Bariadi wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Wizi wa ng'ombe na ujambazi ulikuwa umezidi, na wengi walisema kwamba silaha zilizozagaa baada ya vita vya Kagera zilichangia. Wanakijiji hawakungoja bunduki. Walishika pinde na mishale, wakajichagulia viongozi, yuko mtemi na yuko katibu, wakawafuata wezi kwa nyayo kutoka kijiji hadi kijiji. Mahali pengi walijiita Wasalama, jina ambalo kwa maoni yetu linaeleza kusudi lao vizuri zaidi.

Hawakuzuka kutoka hewani. Usukumani palikuwa na desturi ya vijana wa kijiji kuwa na umoja wao chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, waliokusanywa kwa kazi za pamoja na kwa dharura. Na palikuwa na mwano, yaani ukelele wa hatari unaopokewa kutoka boma hadi boma, na kila mwanamume aliyeusikia alipaswa kuondoka na silaha yake. Aliyebaki nyumbani alitozwa. Msomaji wa pwani atatambua mara moja kwamba mwano wa Msukuma na mbiu ya mgambo ya Mswahili ni ndugu. Vyote viwili ni mwito, na vyote viwili humfanya mtu wa kawaida kuwa mlinzi kwa muda wa hatari tu.

Mwanzoni dola haikujua iwaite nini. Chama na viongozi wengi waliwasifu. Polisi na mahakama waliwaona kuwa wanajichukulia sheria mkononi, na baadhi yao walishitakiwa kwa vifo na mateso ya watuhumiwa. Hatupaswi kulifunika jambo hilo kwa sifa: walikuwapo watu waliouawa kwa kushukiwa uchawi au wizi bila kusikilizwa. Lakini tazama jinsi utatuzi wa kisheria ulivyokuwa, kwa kiasi kikubwa, utatuzi wa jina. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili vikundi vya ulinzi vya jadi navyo vipate mamlaka ya ukamataji waliyopewa mgambo. Kwa marekebisho hayo sungusungu aliingizwa katika familia ya mgambo. Hakuingizwa katika akiba ya jeshi.

Kwa hiyo ni makosa kulitafsiri jina "sungusungu" kwa neno lolote litakalomfanya askari. Liachwe lilivyo kama jina mahususi, na pale maelezo yanapohitajika kiandikwe "kikundi cha ulinzi wa jadi".

Msamiati wa nyakati tatu

Tumesema utumishi wa akiba una kuandikwa, kungoja na kuitwa. Tuyapitie sasa maneno yanayotumika, mengine kwa haraka.

Kwa kuandikwa hapana shida. "Kuandikishwa katika akiba" yatosha, na "orodha ya akiba" ni bora kuliko "rejista". Kwa anayengoja tunapendekeza "askari wa akiba" kwa mtu mmoja na "jeshi la akiba" kwa chombo chenyewe. Wako wanaosema "askari mstaafu". Hilo ni kosa la wazi: mstaafu amemaliza deni lake, wa akiba bado analo.

Kwa kuitwa, "mwito" lafaa kuliko yote, na hati inayompelekea askari habari hiyo iitwe "hati ya mwito". Tafadhali tusiandike "mwaliko", kwani mwaliko hukataliwa kwa heshima. Tatizo kubwa liko kwenye kitendo cha Taifa zima cha kukusanya watu, magari na vyakula kwa ajili ya vita. Wengi huandika "uhamasishaji". Kuhamasisha ni kumtia mtu hamasa, ari ya moyoni. Mtu aweza kuhamasishwa na asiondoke kitini. Kinachotajwa na sheria ni tendo la kuliweka jeshi tayari kwa kupigana, lenye amri na tarehe. Kwa maoni yetu "ukusanyaji wa majeshi" ni dhahiri zaidi, ingawa halina mvuto masikioni.

Kurudi kwake nako kuna aina nyingi, na Kiswahili cha ofisini huzimeza zote kwa "kuachishwa". Mgambo waliorudi kutoka Uganda baada ya vita hawakuachishwa kazi kama mtu aliyekosa, walirudishwa uraiani. Anayemaliza mkataba amemaliza mkataba. Anayeondolewa kwa kosa amefukuzwa jeshini. Anayeondolewa kwa ugonjwa ameondolewa kwa sababu za afya. Cheti cha mtu kikisema tu kwamba "ameachishwa", mwajiri atafikiria lile baya kuliko yote.

Hatuwezi kuliacha neno "posho". Wakati wa King's African Rifles, ambao babu zetu waliwaita Keya, posho ilikuwa mgawo wa chakula, hasa unga. Leo ni fedha ndogo anayopewa mtu kwa siku za kazi. Mgambo kwa kawaida hupata posho, tena si kila mahali. Askari wa akiba aliyeitwa hulipwa mshahara. Mtafsiri anayeandika "malipo" kwa vyote viwili anafuta tofauti ambayo mwenye kulipwa anaijua vizuri sana. Wengi wa vijana wanaojiunga na mafunzo ya mgambo vijijini hufanya hivyo kwa tumaini la kuajiriwa baadaye katika kampuni za ulinzi au vyombo vya dola, na baadhi huwa wameelezwa mambo kwa maneno ambayo yaliahidi zaidi ya yale yaliyomo katika sheria.

Majirani

Kenya imekuwa na polisi wa akiba tangu enzi za ukoloni, na sheria ya mwaka 2011 ikawafanya kuwa Polisi wa Akiba wa Taifa. Katika kaunti za kaskazini hao ni wanakijiji wanaopewa bunduki walinde mifugo yao. Kazi yao, basi, ni ile ile ya sungusungu wa Bariadi, lakini jina lao limewaweka upande wa polisi na wa akiba. Mtafsiri wa Kitanzania akikutana nao asikimbilie kuandika "mgambo".

Katika Kongo mashariki mambo ni mazito zaidi. Makundi yaliyoungana kupigana dhidi ya M23 yamejulikana kwa jina la Kiswahili, Wazalendo, na mwaka 2023 sheria ya nchi hiyo ikaanzisha akiba ya jeshi ambayo ndani yake watu kama hao wangeweza kuandikwa. Hivyo neno letu la mpenda nchi yake limekuwa jina la mpiganaji, na huenda likawa njia ya kuingia katika akiba. Anayetafsiri habari hizo aandike Wazalendo kwa herufi kubwa, wala asilifafanue kwa "wanamgambo", ili msomaji aweze kuwatofautisha na wazalendo wa kawaida wasio na bunduki.

Marekani nayo huwachanganya watafsiri kwa sababu ina vitu viwili: Walinzi wa Taifa, ambao wakati wa kawaida wako chini ya magavana wa majimbo, na jeshi la akiba lililo chini ya serikali kuu moja kwa moja. Uingereza ilikuwa na jeshi la kujitolea la nyumbani tangu mwaka 1908, na mwaka 2014 ikalibadilisha jina rasmi kuwa jeshi la akiba. Makala za kabla na baada ya mwaka huo zizingatiwe ipasavyo.

Tunayopendekeza

Mabano yale ya magazetini yaondolewe. "Jeshi la akiba" litumike kwa chombo kilichowekwa na sheria za ulinzi, na kwa watu ambao majina yao yamo katika orodha yake. "Mgambo" litumike kwa raia waliofunzwa ulinzi katika maeneo yao, walio na mamlaka waliyopewa na sheria za mgambo. Pale ambapo sheria yenyewe inawahesabu mgambo kuwa sehemu ya akiba, na iandikwe hivyo kwa sentensi kamili: "mgambo, ambao kwa madhumuni ya kifungu hiki ni sehemu ya jeshi la akiba". Sentensi hiyo ni ndefu, lakini inaweza kusomwa mbele ya hakimu. "Sungusungu" na "Wasalama" yaachwe kuwa majina.

Linabaki jambo moja ambalo hatujalipatia neno. Kati ya saa anapopokea hati ya mwito na saa anapoapishwa upya kikosini, askari wa akiba yuko safarini: ameshaaga nyumbani, hajafika jeshini. Akipata ajali ndani ya basi kati ya Bariadi na Mwanza, ni raia au ni askari? Watunga sheria wa nchi mbalimbali wamejibu kwa namna mbalimbali, na sisi tunahitaji neno la hali hiyo kabla ya kuandika jibu. "Askari mwitwa" limependekezwa na baadhi ya wenzetu, nasi tunaliona kuwa la kubuniwa mno. Wasomaji walioko Usukumani, ambako aliyesikia mwano na bado yuko njiani ni mtu anayejulikana sana, huenda wanalo neno la kutupa. Watuandikie.